Mzigo wa Buseresere na ruta ya intaneti

Andika "Chato" juu ya boksi ulilete stendi ya Katoro, na mpokea mizigo atalipakia kwenye gari la Chato. Andika "Chato, Buseresere", naye atamwita bodaboda. Buseresere iko Wilaya ya Chato, lakini imepakana na Katoro, mwendo wa dakika chache. Maelezo yote mawili ni sahihi. Yaliyo marefu zaidi ndiyo yanayofuatwa.

Ruta, mashine inayoelekeza pakiti za intaneti, hufuata kanuni hiyohiyo. Anwani ya IPv4 ina biti 32, yaani sifuri na moja zilizopangwa mstari mmoja. Jedwali la ruta halina anwani zote za dunia. Lina vianzio: zinazoanza hivi, zipite huku. Tangu 1993 vianzio vinaweza kuwa vya urefu tofauti, kwa hiyo anwani moja hulingana na viwili au vitatu, na ruta lazima ichague kirefu kupita vyote.

Muda ndio tabu. Mnunuzi wa dhahabu wa Katoro anapofungua simu kutazama bei ya dunia, pakiti zake hupita ruta nyingi, na kila ruta hutafuta upya. Kwenye njia ya gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa huweza kufika zaidi ya milioni 14 kila sekunde. Kila moja ina nanosekunde 67 hivi, muda ambao mwanga wenyewe husafiri mita 20 tu. Nalo jedwali la intaneti nzima leo lina njia, yaani vianzio, zaidi ya laki tisa.

Suluhisho ninalolipenda lilitoka Luleå, Sweden, mji ambao bandari yake husafirisha madini ya chuma. Mwaka 1997 watafiti wa huko walibana njia 40,000 katika kilobaiti 160 hivi, zikaenea kwenye kumbukumbu ndogo ya prosesa yenye kasi. Muuza mchele haandiki bei kwenye kila gunia. Huiandika kwenye gunia la kwanza la kila aina. Nao watafiti waliweka alama ya biti moja pale tu jibu linapobadilika, kisha mashine ikahesabu alama.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikubali kutumia kumbukumbu nyingi: nafasi 16,777,216, moja kwa kila mpangilio wa biti 24 za mwanzo, karibu megabaiti 33. Mara nyingi jibu hupatikana kwa kutazama mara moja.

Tarehe 12 Agosti 2014 njia za jedwali la intaneti zilivuka 512,000, kikomo cha ruta nyingi za zamani, na intaneti ikayumba sehemu mbalimbali za dunia. Kwenye nyingi ya ruta hizo mafundi hawakuongeza chipu hata moja. Waliigawa upya kumbukumbu iliyokuwamo, wakaipa IPv4 nafasi zaidi, wakazima na kuwasha.