Ngome Hulindwa kwa Akiba

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Ushahidi mmoja ni ngome ya Diaoyu, iliyojengwa mwaka 1243 juu ya mlima huko Chongqing, China, karibu na mahali inapokutana mito mitatu.

Mwaka 1259 Möngke, mfalme mkuu wa Wamongolia, aliizingira kwa jeshi kubwa. Kamanda Wang Jian hakutegemea majabali na kuta tu. Ndani ya ngome mlikuwamo mashamba, visima na mabwawa, na raia waliishi pamoja na askari. Kwa hiyo njaa na kiu, silaha kuu za kila mzingiraji, hazikufua dafu. Miezi ikapita, maradhi yakaenea kambini mwa Wamongolia, na mwezi Agosti Möngke mwenyewe akafariki.

Kifo hicho kilitikisa dunia. Nduguze, Kublai na Ariq Böke, wakagombea kiti. Hülegü akaondoa sehemu kubwa ya jeshi lake Shamu, na mwaka 1260 Wamamluki wa Misri wakalishinda lililosalia huko Ain Jalut.

Diaoyu ilisimama hadi 1279. Dola ya Song ilipokuwa ikisambaratika, kamanda Wang Li alisalimu amri kwa sharti kwamba raia wasiuawe, na sharti hilo likatimizwa.

Sisi wa visiwani tumezingirwa na bahari. Basi mwenye dhamana na aweke chakula na maji kabla ya dhiki, na akumbuke kwamba amekabidhiwa watu, wala si kuta.