Baba akienda Kongo, nyumbani kibaki nini?

Anayesimama kando ya Barabara ya Morogoro pale Maili Moja, Kibaha, hahitaji kuuliza mizigo inakwenda wapi. Malori hupita mchana na usiku, mengine yamebeba makontena, mengine matangi ya mafuta, na mengi ya yale yenye safari ndefu yanaelekea Tunduma, yavuke Zambia, kisha yaingie Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kupitia Kasumbalesa. Yakirudi hubeba shaba. Tangu bandari kavu ya Kwala, iliyomo wilayani humo humo, izinduliwe Julai 31, 2025, na Kongo ikiwa miongoni mwa nchi jirani zilizotengewa eneo pale, safari hiyo imezidi kusogea milangoni mwa watu. Kisarawe nako hakuko mbali na njia: treni ya TAZARA hupita Mzenga ikielekea Zambia, kwenye ukanda ule ule wa shaba.

Kwa hiyo mkoani Pwani si ajabu kukuta nyumba yenye mtu "aliyekwenda Kongo". Anaweza kuwa dereva, utingo, fundi wa magari, mama anayefuata vitenge, au kijana aliyeitwa na rafiki yake akajaribu biashara Lubumbashi. Anayebaki nyumbani mara nyingi anajua jambo hilo moja tu, kwamba kaenda Kongo. Siku simu ikinyamaza, ndipo inapoonekana kuwa "Kongo" si anwani.

Nchi yenyewe ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, karibu mara mbili na nusu ya Tanzania. Kinshasa, uliko ubalozi wa Tanzania, ipo magharibi kabisa. Lubumbashi, wanakoshusha madereva wengi, ipo kusini mashariki, na kati ya miji hiyo miwili ni kilomita zipatazo 1,500 hata kwa njia ya ndege. Ndiyo maana Tanzania ina pia ubalozi mdogo Lubumbashi, na kwa familia ya dereva wa shaba hiyo ndiyo ofisi ya kuijua kwanza.

Halafu kuna Kongo ya mashariki, ambayo ni habari nyingine. Anayepitia Kigoma na kuvuka ziwa kwenda Uvira hayuko safari moja na anayekwenda Lubumbashi, ingawa nyumbani wote wawili huagwa kwa maneno yale yale. Septemba 2016 madereva wa malori wa Kitanzania walitekwa na watu wenye silaha huko Kivu Kusini kabla ya kuokolewa na jeshi la Kongo. Mwanzoni mwa 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, kisha Bukavu. Mke au mama anayesikia habari hizo redioni ana haki ya kujua kama mtu wake yuko karibu na mapigano au yuko mbali nayo zaidi ya kilomita elfu moja. Akikosa kujua, atakesha bure, au atalala siku ambayo hakupaswa kulala.

Foleni ya Kasumbalesa nayo ina mtego wake. Malori yanayoingia Kongo hupanga foleni upande wa Zambia, wakati mwingine kwa siku kadhaa, hadi Chililabombwe. Dereva atapiga simu aseme, "Nipo mpaka wa Kongo." Akiugua usiku huo, au akikamatwa, kisheria yuko Zambia, na ofisi inayomhusu ni Ubalozi wa Tanzania uliopo Lusaka. Swali la "umeshagongewa muhuri wa kuingia?" linaweza kuonekana la kijinga kwenye simu ya mapenzi, lakini ndilo linaloamua ndugu wapige simu wapi.

Wapo pia wanaokimbilia Ubalozi wa Kongo uliopo Upanga, Dar es Salaam, wakiamini ndiko anakotafutwa Mtanzania aliyepotea Kongo. Ubalozi ule kazi yake ni kuwahudumia Wakongo waliopo hapa na watu wanaotaka kuingia nchini kwao. Wa kuulizwa habari za Mtanzania ni balozi za Tanzania huko aliko, au Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Upanga ni mahali pa kwenda kabla ya safari, hasa kwa suala la viza. Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na tangu hapo wengi wamechukulia kuwa njia ni nyeupe. Uanachama peke yake haufuti viza wala ada za mpakani. Masharti hubadilika, na jibu la kuaminika ni la ubalozi wiki ile ya safari, si la jirani aliyevuka mwaka juzi.

Pasipoti haina ugumu kama inavyosimuliwa vijiweni. Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa wa Pwani ipo Kibaha, ombi linajazwa kwa mtandao, na gharama ni Sh150,000. Kinachochelewesha wengi ni cheti cha kuzaliwa, chao au cha mzazi, ambacho hutafutwa wiki ya mwisho.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo haikwepeki. Huulizwa kuingia Kongo na huulizwa tena kurudi Tanzania. Cheti huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa leo ili aondoke kesho amechelewa. Kwa upande wa pili, tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Mwenye kadi ya zamani halazimiki kuchanjwa upya kwa kuwa tu miaka kumi imepita. Anayenunua kadi bila kuchomwa sindano ananunua karatasi, na ugonjwa wenyewe hausomi karatasi.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni haki ya mtu akikamatwa. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unasema mgeni akiwekwa kizuizini aelezwe kuwa anaweza kutaka ubalozi wake ujulishwe, na akitaka, ujulishwe bila kuchelewa. Neno la kushika ni "akitaka". Anayekaa kimya kwa kuogopa kuwatia hofu watu wa nyumbani anaweza kukaa ndani bila ofisi yoyote ya Tanzania kujua. Ubalozi ukijulishwa unaweza kumtembelea, kufuatilia kesi yake na kuwasiliana na ndugu. Hauwezi kumlipia faini wala kumtoa rumande kwa amri. Lubumbashi Kiswahili kinasemwa mitaani, ila maandishi ya polisi na mahakama ni ya Kifaransa, na sahihi ikishawekwa ni vigumu kuirudisha.

Msiba ukitokea, kusafirisha mwili hudai cheti cha kifo, hati ya kuhifadhi mwili na vibali vya mipaka yote inayopitwa, Zambia ikiwemo. Ubalozi husaidia kwenye karatasi; fedha mara nyingi hutoka kwa mwajiri, bima au mifuko ya ndugu. Ndiyo sababu jina kamili la kampuni na namba ya ofisi yake vinapaswa kuwa nyumbani, si kichwani mwa dereva.

Hapo ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Kuna wanaume ambao namba ya pasipoti yao ni siri kuliko mshahara, na mke akiiuliza huonekana anapeleleza. Heri aonekane hivyo. Kopi ya ukurasa wa picha, namba ya lori na tela, njia atakayopita na namba ya mwenzake mmoja wa safari vinaenea kwenye bahasha moja, na havimpunguzii mtu heshima.

Bahasha hiyo ina kazi nyingine. Matapeli hupiga simu: mumeo amekamatwa mpakani, tuma laki tatu sasa hivi tumtoe. Mwenye karatasi huuliza namba ya lori na jina la kituo cha polisi, kisha hukata simu na kuwapigia wenye kampuni. Asiye nayo hukimbilia kwa wakala kutuma pesa.

Na anayesubiri simu akumbuke saa. Lubumbashi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, Kinshasa kwa mbili. Ofisi inayofunguliwa saa mbili asubuhi Kinshasa, Kisarawe itakuwa ni saa nne.