Kwa Nini Gari Kuukuu Huchemsha?

Nakwa ni sehemu ya mji wa Babati, mkoani Manyara, katika nyanda zilizo kiasi cha meta 1,350 juu ya usawa wa bahari. Gari litokalo huko kwenda Dar es Salaam hushuka karibu kimo hicho chote. Dereva huona milima na mabonde. Injini yenye kabureta hukutana na badiliko lisiloonekana kwa macho, nalo ni badiliko la hewa.

Ili kilo moja ya petroli iungue yote, huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Hewa ikizidi, mchanganyiko huitwa mwepesi. Petroli ikizidi, huitwa mzito. Huko Babati, ujazo ule ule wa hewa una uzito pungufu kwa kiasi cha thumuni moja kuliko pwani. Kabureta ya kawaida haina namna ya kutambua upungufu huo, kwa hiyo mchanganyiko huwa mzito kwa takriban asilimia 6. Moshi huwa mweusi na petroli hupotea bure. Fundi akiweka kitundu kidogo zaidi cha kupimia petroli, gari hutulia.

Chukua sasa mfano wa gari lililorekebishwa hivyo, kisha likateremka pwani. Hewa huwa nzito tena, na uwiano hupanda hadi karibu 15.7 kwa 1. Mchanganyiko mwepesi huungua polepole. Moto huwa ungali unawaka wakati vali ya kutolea moshi inapofunguka. Joto ambalo lingesukuma pistoni huishia katika vali, katika kichwa cha silinda na katika maji ya rejeta. Hali hiyo ikiendelea, vali huungua, na kichwa cha silinda huweza kupinda. Hasara yake huzidi mno bei ya petroli iliyookolewa.

Hata hivyo, si kila gari linalochemsha lina kasoro ya kabureta. Mchunguzi hodari huanza na mambo mepesi. Injini ikiwa imepoa, na isifunguliwe kamwe ikiwa ya moto, hutazama kiasi cha maji, mkanda wa feni, mipira na uchafu wa rejeta. Kisha hukagua thamostati na kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo, maji ya wazi huchemka Babati kwenye nyuzi 95 hivi za Sentigredi, wala si 100. Thamostati nyingi hufunguka karibu na nyuzi 82. Kifuniko kilicholegea, basi, huacha nafasi ya nyuzi 13 tu kabla ya maji kuchemka.

Hayo yote yakiwa salama, ndipo mchanganyiko huchunguzwa. Dalili zake ni plagi kuwa nyeupe, injini kusita inapokanyagwa mafuta, na mlio wa kupasuka ndani ya kabureta. Dereva akivuta choki kidogo na injini ikatulia, ni ishara kwamba petroli ilikuwa pungufu. Huenda chujio limeziba, pampu imechoka, au hewa inapenya kwenye gasketi iliyo chini ya kabureta. Matone ya maji ya sabuni yakitiwa kwenye kiungo hicho na mwendo wa injini ukabadilika, tundu limepatikana. Petroli isitumiwe kamwe kwa jaribio hilo, kwa maana moto hausamehe.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuwapa wanafunzi kipimajoto na sufuria ya maji yachemkayo, wapime wenyewe nyuzi za mahali pao. Watajifunza kwamba anayebadilisha rejeta kabla ya kuuliza joto limetoka wapi hutibu dalili na kuyaacha maradhi.