Moto wa Wamasai na kupe wa Ngorongoro

Ndugu wafanyakazi, wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tazameni yaliyotokea kwa jirani zetu wa Tanzania, katika Kreta ya Ngorongoro.

Wamasai walioishi humo na ng'ombe wao walikuwa na desturi ya kuchoma nyasi, kipande kwa kipande. Moto uliteketeza nyasi kuukuu pamoja na kupe, na ukazuia vichaka visienee. Mvua iliponyesha majani mabichi yalichipua. Ng'ombe walishiba, na nyumbu na pundamilia walishiba pia.

Mwaka 1974 Serikali iliwatoa Wamasai ndani ya kreta. Uchomaji nao ukakomeshwa. Nyasi zikarefuka na kukauka, kupe wakazaliana. Ulipokuja ukame wa mwaka 2000, nyati na nyumbu wengi walikufa. Faru nao, ambao ni wachache, waliuawa na ugonjwa uletwao na kupe. Ndipo mwaka 2001 wakubwa wa hifadhi walipoanza kuchoma nyasi kwa mpango, na kupe wakapungua.

Kazi ilirudi, wenye kazi hawakurudi.

Ndugu, sisi tunalijua jambo hili. Fundi mzee huachishwa kazi, kisha mashine ikigoma ujuzi wake hutafutwa. Anayeutaka ujuzi wa mtu na amwite mwenyewe kikaoni, ampe na kauli. Mfugaji na mfanyakazi hapo dai letu ni moja.