Vishada vya Iddi kwa Nyuzi za Nyumbani

Mji wa Tabora haukuanza jana kujua thamani ya uzi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapo na mizigo ya merikani na kaniki. Na Burton, aliyefika mwaka 1857, alikuta vitanda vya mfumi, Wanyamwezi wakifuma pamba yao wenyewe. Kwa njia hiyo hiyo dini yetu tukufu iliingia bara.

Basi twawausia ndugu zetu, hasa vijana: Iddi el Fitri ikikaribia, msikimbilie dukani kununua mapambo. Kusanyeni nyuzi za sufu zilizobaki katika kufuma sweta. Kateni karatasi ngumu mbili za duara, kila moja na tundu katikati. Ziwekeni pamoja, mzizungushie uzi mpaka tundu lijae. Kisha kateni nyuzi ukingoni kwa mkasi, mfunge uzi imara baina ya karatasi mbili, na mzitoe karatasi. Mtapata kishada cha mviringo kama ua. Vitungeni vishada katika kamba, mvitundike mlangoni na ukumbini.

Furaha ya Iddi ni halali, bali israfu imekatazwa. Wajibu wa kwanza ni Zaka ya Fitri, pishi moja ya chakula kwa kila aliye nyumbani, itolewe kabla ya sala ya Iddi. Na fedha iliyosalimika katika mapambo mpeni jirani mhitaji, watoto wake nao wapate kufurahi. Mwenyezi Mungu atutakabalie. Amin.