Juu Chakula, Chini Mawe: Ujue Udongo wa Bondeni Kabla ya Kuuchimba



Ikiwa munaishi Walikale kando ya mto Lowa au Osso, ama katika mabonde yaliyo chini ya vilima vya Masisi, kuna neno ambalo labda limekwisha kufika nyumbani kwenu. Mtu anakuja, anasalimia vizuri, anakaa, halafu anasema: "Baba, ile shamba yenu ya kule chini iko na mawe. Mutuachie tuchimbe, tutagawana." Na wakati ule ule feza ya masomo ya watoto haijalipwa. Baba anamtazama mama, mama anatazama chini. Mutajibu nini?

Gazeti letu halisemi muache migodi. Sisi wote tunajua familia ngapi zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa kasiterite na koltani. Lakini mtu mwenye akili hauzi mfuko ambao hajaufungua kuona kilichomo. Basi mwezi huu tufungue mfuko huo pamoja. Tutazame udongo wa bondeni, ule ambao wengi wetu tunauita bulongo ya mafuriko: umetoka wapi, umepangwa namna gani, na kwa nini ukivurugwa ovyo haurudi upesi.

Mto ndio uliopanga

Masisi iko juu. Sehemu nyingi za vilima vyake zinapita mita 2,000 juu ya bahari. Walikale iko chini, katika pori kubwa, na sehemu zake nyingi hazifiki mita 1,000. Mvua ikinyesha kule juu, maji yanachukua udongo wa kilimani na kushuka nao. Osso unaingia Lowa, Lowa unaingia Lualaba, yaani mto Kongo wenyewe. Ndiyo kusema udongo unaolimwa na mama wa Walikale, sehemu yake ilikuwa zamani kilima cha Masisi.

Maji yenye mbio yanaweza kubeba hata mawe makubwa. Yakianza kupunguza mbio, yanateremsha mzigo kidogo kidogo: kwanza mawe na kokoto, kisha mchanga, kisha vumbi laini kama unga wa fufu, na mwisho mfinyanzi. Punje ya mfinyanzi ni ndogo sana, haifiki hata milimita 0.002, ndiyo maana inabaki ikielea mpaka maji yatulie kabisa.

Kwa hiyo bonde halina udongo wa namna moja. Ukitoka ukingoni mwa mto, kwanza unakanyaga sehemu iliyoinuka kidogo, yenye mchanga mwingi, sababu mto unapofurika unaacha pale mzigo wake mzito. Ukiendelea mbele kidogo unakuta udongo tifutifu, wenye mchanga, unga laini na mfinyanzi vilivyochanganyika. Ukifika karibu na mguu wa kilima unakuta mahali pa chini panapokaa maji, penye mfinyanzi mzito unaoshika miguu. Wazee wetu walijua hivyo bila kitabu: karanga na viazi vitamu pale penye mchanga, mahindi, maharagi na ndizi katikati, mpunga na magimbi kule kwenye maji.

Tushuke shimoni tutazame

Chagueni pahali katikati ya shamba. Chimbeni shimo la upana wa mita 1 na kina cha mita 1 na nusu, si zaidi, maana udongo wa bondeni unaanguka upesi. Maji yakianza kutoka, simameni hapo. Ukuta mmoja muukate vizuri kwa jembe, usimame wima. Sasa tazameni. Mara nyingi mutaona hivi:

Tabaka la kwanza ni jeusi au kahawia nzito, na mara nyingi lina kina cha sentimita 20 mpaka 30. Ndani yake muna mizizi mingi, minyoo, na majani yaliyooza. Ukilikamata mkononi linavunjika vipande vidogo. Hapa ndipo chakula cha mimea kinapikwa.

Tabaka la pili ni kahawia isiyokolea. Tazameni kwa makini, mutaona mistari: mstari wa mchanga, mstari wa udongo laini, tena mchanga. Kila mstari ni furiko moja la zamani. Pengine mutakuta katikati mstari mweusi. Huo ulikuwa uso wa nchi zamani. Labda watu walilima pale, halafu mto ukaufunika. Ukuta wa shimo ni kama kitabu cha ukoo, wenye kuja nyuma wako juu ya wale waliotangulia.

Tabaka la tatu lina rangi ya kijivu, na madoadoa mekundu kama kutu ya chuma. Hiyo ni alama ya maji. Udongo ukikosa hewa sababu ya maji, chuma kilichomo kinageuka kijivu. Hewa ikiingia penye njia za mizizi, kinashika kutu. Madoadoa yakianza chini ya mita 1, musiogope. Yakianza kwenye sentimita 30, mjue ndizi na maharagi vitateseka pale; wekeni mpunga au magimbi, ama mukate mifereji.

Tabaka la nne, kama shimo linalifikia, ni mchanga mnene na kokoto za mviringo. Hapo zamani palikuwa njia ya mto wenyewe. Tutarudi kwenye tabaka hilo.

Mukimaliza, fukieni shimo kwa utaratibu, cha chini kirudi chini, cha juu kirudi juu. Na watoto wasiachwe karibu nalo.

Pima kwa mkono na kwa chupa

Vijana, kazi hii ni yenu. Chukua udongo wa kujaa kiganja, uloweshe kidogo, ukande kama fufu. Ukikataa kushikana, ni mchanga. Ukifanya tonge zuri, na ukiuviringisha ufanye kamba fupi inayopasuka ukiikunja, ni tifutifu. Ukikubali kukunjwa mpaka pete bila kupasuka, ni mfinyanzi.

Njia nyingine: chukua chupa nyeupe inayoonyesha ndani, tia udongo mpaka sehemu ya tatu, ongeza maji karibu ijae, tikisa sana, halafu uiweke pahali isiguswe. Mchanga unatua kwa dakika moja hivi. Ule unga laini unachukua saa moja ama mbili. Mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Vipande vya majani vinaelea juu. Kesho yake soma chupa kutoka nje. Mchanga na unga laini vikikaribia kulingana, na mfinyanzi ukiwa kama sehemu moja ya tano, ujue una udongo ambao wakulima wa dunia nzima wanautafuta.

Kwa nini unazaa

Udongo huu unafanya kazi mbili ambazo kwa kawaida zinapingana: unashika maji, tena unaacha hewa ipite. Mchanga peke yake unaachilia maji yote. Mfinyanzi peke yake unayafunga mpaka mizizi inakosa pumzi. Tifutifu uko katikati. Udongo wake wenye kina cha mita 1 unaweza kuwekea mimea karibu lita 150 za maji chini ya kila mita moja mraba, yaani bidoni 7 na nusu za lita 20. Ndiyo maana mwezi wa saba, wakati majani ya kilimani yamekauka, ndizi za bondeni bado ni mbichi.

Tena mafuriko ya polepole yanaongeza chakula kipya. Kumbukeni Misri, nchi ambako Yakobo alituma wanawe kununua nafaka wakati wa njaa. Nguvu ya Misri ilikuwa tope ambalo mto Nile ulilileta kila mwaka. Ukuta mkubwa wa Aswan ulipomalizika mwaka 1970, sehemu kubwa ya tope hilo ilianza kubaki nyuma ya ukuta, na wakulima wakalazimika kutegemea zaidi mbolea ya kununua. Kile ambacho mto ulikuwa unaleta bure, sasa kina bei.

Shida ni kwamba mawe yako chini

Sasa turudi kwenye tabaka la kokoto. Rubaya na Bisie zinajulikana kwa mawe yaliyo ndani ya vilima. Lakini kwa maelfu ya miaka, mvua iling'oa vipande vya mawe kama hayo katika vilima vingi na kuvishusha bondeni. Kipande cha kasiterite kina uzito karibu mara 7 kuliko maji ya ukubwa ule ule, na punje ya mchanga wa kawaida haifiki mara 3. Basi mto ulipopunguza mbio, kasiterite ilitua mapema pamoja na kokoto, na udongo mwepesi ukaja kuifunika baadaye.

Munaona sasa? Mto ule ule uliweka mawe chini na chakula juu. Mchimbaji anatafuta lile tabaka la mwisho, mkulima anaishi kwa lile la kwanza. Ili kufikia la mwisho, ni lazima kuondoa la kwanza. Na mara nyingi linatupwa wapi? Linatupwa mtoni, au linafunikwa na kokoto zilizotolewa chini. Shamba linageuka kichwa chini. Kokoto ziko juu, rutuba iko chini ambako mizizi haifiki. Mashimo yanajaa maji, mbu wanazaliana, malaria inaingia nyumbani. Kilimani udongo mweusi wa sentimita moja unaweza kuchukua miaka mia na zaidi kufanyika. Bondeni mto unasaidia, lakini hata mto hauna haraka.

Na bei ya mawe haikai pahali pamoja. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafula duniani, na watu wengi wa Masisi na Walikale wakaacha jembe. Mwaka 2001 ikaanguka. Waliokuwa bado na shamba zima walirudi kulima. Waliokuwa wamebaki na mashimo, walirudia wapi?

Tope la mgodi si tope la mafuriko

Wengine wanasema: "Hakuna shida, mto utaleta tope lingine." Ni kweli utaleta, lakini tope gani? Pale wanaposafisha mawe ndani ya kijito, maji yanashuka na udongo wa ndani kabisa wa kilima, mwekundu au wa manjano, usio na majani wala minyoo. Ukitua juu ya shamba na kukauka, unafanya ganda gumu na mbegu inashindwa kutoka. Tope hilo linajaza pia njia ya mto, na mto usio na njia unatafuta ya kwake kati ya nyumba za watu.

Tena vilima vikivuliwa miti, maji yanapata mbio. Tarehe 4 Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini, maji yalishuka na mawe na matope mazito, na watu zaidi ya 400 walikufa. Maji ya namna hiyo hayapangi mashamba.

Kama mumeamua kuchimba

Kuna familia ambazo, kwa sababu zao, zitakubali. Basi fanyeni hivi:

1. Chimbeni kwanza shimo la kupima, mujue kina cha udongo mweusi. Andikeni.

2. Mapatano yaandikwe mbele ya mashuhuda, na ndani yake isemwe nani atafukia mashimo na lini. Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema mali ya chini ya ardhi ni ya Serikali, lakini inamwagiza mwenye haki ya kuchimba amlipe fidia mkulima anayeharibiwa shamba.

3. Udongo mweusi uwekwe upande wake, ule wa kahawia upande wake, kokoto upande wake. Fungu la udongo mweusi lisipite kimo cha mtu, na lifunikwe kwa majani lisioshwe na mvua.

4. Kurudisha: kokoto kwanza, kahawia juu yake, mweusi mwisho. Halafu pandeni maharagi au mimea mingine ya jamii yake kabla ya mahindi, ili kurudisha nguvu.

5. Maji ya kusafishia mawe yapite kwanza katika kisima cha kutulia, kisha ndiyo yarudi mtoni. Chupa yenu imekwisha kuwaonyesha kwamba mfinyanzi unataka siku nzima.

6. Ukingo wa mto usiguswe. Matete na miti ya pale ndiyo inayopunguza mbio za maji.

Kazi hizi zinaweza kufanywa pamoja, kama salongo, na vijana wa parokia.

Katika 1 Wafalme 21 tunasoma habari za Naboti, ambaye mfalme mwenyewe alitaka kununua shamba lake la mizabibu. Alitolewa feza, alitolewa hata shamba lingine. Alikataa, sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Naboti alijua kilichokuwa mkononi mwake. Wewe pia ujue cha kwako kwanza, halafu useme ndiyo au hapana.

Kwa kuongea nyumbani

– Udongo mweusi wa shamba letu una kina gani? Nani katika familia ameupima?
– Maji yanayofurika kwetu yanatoka kilima gani, na kule juu wanafanya nini?
– Mawe yakiisha, watoto wetu watakula nini pahali hapa?
– Kabla ya kupanda mwezi wa tisa, ni siku gani tutachimba shimo la kupima pamoja na vijana?