Mwalimu wa Kisii na Nyamira na jarida la elimu: safari ya makala hadi kuchapishwa

Ekegusii hakina sauti ya "l" kama Kiswahili, kina "r". Kwa hiyo mtoto wa gredi ya pili kule Keroka anaweza kuliona neno "mahali" kitabuni, akazitambua herufi zake zote, akaijua na maana yake, kisha akatamka "mahari". Je, amesoma au hakusoma? Mwalimu mmoja atampa vema, mwingine atamkosoa. Hili ni swali kamili la utafiti, na wenye uwezo mkubwa zaidi wa kulijibu ni walimu wa Kisii na Nyamira, kwani wanalisikia kila asubuhi darasani. Kwa bahati mbaya, wengi hulimaliza kwa mazungumzo katika chumba cha walimu, na majarida ya elimu hayapati habari.

Mimi ni mtu wa Pwani ambaye kazi ya kuwafunza walimu imemweka nyanda za Gusii kwa miaka kadhaa. Nawaandikia ndugu zangu wa huku nyumbani kwa sababu walimu wa watoto wanaosema Kigiriama, Kidigo au Kipokomo wako katika hali hiyo hiyo. Wanajua mengi kuhusu namna mtoto anavyojifunza kusoma, lakini hakuna aliyewaeleza jinsi ujuzi huo unavyogeuka kuwa makala ya kitaaluma.

Kwanza, kwa nini tujisumbue? Ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha inayotumika eneo lao. Baadaye mradi wa PRIMR ulipojaribu kufundisha kusoma kwa lugha za mama, lugha zilizotumiwa zilikuwa Kikamba na Lubukusu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Comparative Education Review, na hadi leo hutajwa kila lugha ya mama inapojadiliwa katika elimu ya Kenya. Ekegusii hakikuwemo katika jaribio hilo, na lugha za Mijikenda hazikuwemo pia. Wanaopanga sera husoma kilichoandikwa, kwa hiyo lugha isiyoandikiwa huamuliwa kwa ushahidi wa lugha za wengine.

Kuna na jambo la karibu zaidi. Mradi wa kitaifa wa Tusome, ulioanza 2015, ulimhesabu mtoto kuwa msomaji fasaha akisoma kwa usahihi maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika, au 65 ya Kiingereza. Ikiwa kila "l" iliyotamkwa "r" itahesabiwa kosa, mtoto anayesoma vizuri ataandikwa kuwa hajui kusoma, na atarudishwa kwenye herufi alizokwisha kuzijua. Kipimo cha namna hii hutarajiwa kutofautisha lafudhi na kosa la kusoma, lakini mpimaji asiyejua lugha ya mtoto atatofautishaje? Mwalimu akiandika makala yenye ushahidi, mpimaji atakuwa na cha kumwongoza.

Sasa tushike njia yenyewe.

Anza na swali moja dogo. "Matatizo ya kusoma Kaunti ya Nyamira" si swali. Hiyo ni mada ya kitabu kizima. "Wanafunzi wa gredi ya pili wanaochanganya l na r wanapotamka, je, huzichanganya pia wanapoandika imla?" Hilo lina jibu, na mwalimu anaweza kulipata kwa muhula mmoja. Swali jingine ni la irabu. Ekegusii kina sauti saba za irabu, lakini huandikwa kwa herufi tano, kwa hiyo "e" na "o" kila moja hubeba sauti mbili. Mtoto hujuaje ni sauti ipi? Hapo pana makala.

Tafuta vibali kabla ya kukusanya chochote. Utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Ukishaipata, unaripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, kisha unazungumza na mwalimu mkuu. Kwa kuwa wahusika ni watoto, wazazi nao huombwa ridhaa. Usimtaje mtoto kwa jina. Majarida mengi huuliza namba ya kibali siku unapotuma makala, na kibali hakipatikani kwa kurudi nyuma: data nzuri iliyokusanywa bila ruhusa hubaki kwenye daftari.

Chagua jarida kabla ya kuandika, kwa kuwa kila jarida lina wasomaji wake. The Reading Teacher la Marekani hupenda mbinu za darasani kwa watoto wasiozidi miaka 12. Reading & Writing, la chama cha usomaji cha Afrika Kusini, husomwa mtandaoni bila malipo. Anayetaka kuandika kwa Kiswahili ana jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mwanga wa Lugha la Chuo Kikuu cha Moi. Soma matoleo mawili matatu, uone urefu wa makala na namna marejeleo yanavyopangwa. Kisha tuma kwa jarida moja tu. Kutuma kwa mawili kwa wakati mmoja ni mwiko.

Unapoandika, usianze na historia ya elimu tangu ukoloni. Sema swali lako, waliokutangulia walisema nini, ulifanya nini na watoto wangapi, uliona nini, na maana yake ni ipi kwa mwalimu mwingine. Ikisiri iandike mwisho, ingawa hukaa mwanzo. Eleza mahali pako, kwani msomaji wa mbali hajui kwamba shule ya mjini Kisii yenye watoto wa makabila mengi si sawa na shule ya Borabu mpakani na Wakipsigis, wala na ile ya kijiji ambako wote nyumbani husema Ekegusii.

Makala yakifika, mhariri huyasoma kwanza. Yakimridhisha huyapeleka kwa wahakiki, mara nyingi wawili, ambao hawaambiwi jina lako wala wewe hujui yao. Jibu huweza kuchukua miezi. Kukubaliwa moja kwa moja ni nadra. Kwa kawaida utaambiwa urekebishe. Walimu wengi huisoma barua hiyo kama kukataliwa, wakaitupa. Kumbe mhariri anayekutaka urekebishe amekufungulia mlango. Orodhesha kila hoja ya mhakiki, andika ulichobadilisha na ukurasa wake, na pale usipokubaliana naye, toa sababu kwa adabu.

Mwisho, jihadhari na matapeli. Utapata barua pepe inayokuita profesa, inayosifu makala usiyowahi kuandika, na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ukilipa. Mwalimu ninayemfahamu alilipa, makala yake yakatoka upesi bila mhakiki hata mmoja, na alipotaka kupandishwa cheo hayakuhesabiwa. Ada peke yake si dalili ya utapeli, maana majarida mengi ya wazi yaliyo halali hutoza. Angalia kama jarida limo katika orodha ya DOAJ au AJOL. Tafuta majina ya wahariri kwenye tovuti za vyuo vyao. Soma makala moja, ujiulize kama kuna mtu aliyeyahariri.

Haya yote hayahitaji shahada ya uzamifu. Yanahitaji daftari, subira, na mwenzako wa chuo kilicho jirani, kama Chuo Kikuu cha Kisii, wa kusoma rasimu yako kabla ya mhariri. Mwalimu wa Ogembo aanze kuandika "mahari" zote anazozisikia wiki hii, na wa Kaloleni vivyo hivyo kwa yale ya watoto wake, kisha wote wawili waombe kibali. Swali likishakuwa wazi, makala yana mahali pa kuanzia.